TAHARIRI: MAKATO YA TUMBAKU SIYO SADAKA



Kuna maneno yamezuka hapa kijijini, na kwa kuwa yanasemwa chini chini vilabuni na visimani, ni heri tuyaandike hapa ukutani kila mtu ayasome. Wapo wenzetu walioomba kwamba tumbaku ikilipwa msimu huu, karani wa ushirika akate kidogo kwa kila robota, fedha hizo zijenge nyumba ya ibada. Nia yao siyo mbaya. Wameona karani anakata mkopo wa mbolea na ushuru wa chama, wakasema, kuna ubaya gani kukata na cha Mungu hapo hapo? Wa dini ya pili waliposikia wakasema basi na chetu kikatwe. Sasa watu wameanza kuhesabiana.

Sisi tunasema hapana, kwa wote wawili.

Mbolea mtu aliichukua mwenyewe, akaitia shambani, na sahihi yake ipo. Ushuru aliupitisha mwenyewe mkutanoni kwa kunyoosha mkono. Lakini sadaka inayokatwa na karani kabla mwenye hela hajaiona hela yake, hiyo siyo sadaka tena, ni kodi. Mtu atakata kuni, atakesha kwenye bani, atafunga marobota, halafu jasho lake liezeke paa ambalo yeye hasali chini yake. Na wale wazee wetu wasiokwenda huku wala kule, wenye matambiko yao? Nao wana marobota. Mtawakatia ya nani?

Katiba ya 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri yetu haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hapo hapajaandikwa kwamba Serikali inampinga Mungu, kama wengine wanavyodai. Kilichoandikwa ni kwamba kazi hiyo siyo yake. Ndiyo maana sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza dini. Mwaka 2012 wapo waliodai swali hilo lirudishwe, Serikali ikakataa. Karani wa 2022 alituuliza mifugo, akatuuliza hata choo, dini hakuuliza.

Mtu atasema, ah, ushirika siyo Serikali bwana. Kweli, siyo. Lakini ushirika nao una kanuni zake. Shirikisho la Kimataifa la Ushirika liliandika mwaka 1937 kwamba ushirika usielemee dini wala siasa, na mwaka 1995 likaandika upya kwamba uanachama uwe wazi bila ubaguzi wa jinsia, wa dini wala wa siasa. Mnasikia, na siasa. Sisi tunaoandika ni watu wa Chama, na tunasema wazi: kadi ya Chama haina kazi mezani kwa karani siku ya malipo. Kama yetu haina kazi hapo, kasha la sadaka nalo lina kazi gani?

Msidhani hili ni dogo. Huko Buseresere, mkoani Geita, Februari 2013, ugomvi juu ya nani achinje nyama ya bucha uliishia kwa watu kushambuliana na mchungaji mmoja kuuawa. Ulianza na kisu cha kuchinjia tu.

Hapa Unyanyembe dini zote mbili zilitufikia kwa njia moja, ile ya misafara ya kutoka pwani. Uislamu ulikuja na wafanyabiashara, na Mapadre Weupe walifika Tabora mwaka 1878 kwa njia hiyo hiyo. Wazee wetu wakachagua, huyu huku, yule kule. Leo mjomba ni Ramadhani, mpwa wake ni Yosefu, na ugali wanakula sahani moja. Eti ndiyo tuje tugawane kwa marobota?

Wengine wanauliza mbona mkutano hauwekwi Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, je, huo siyo udini? Hauwekwi kwa sababu akidi haitimii! Na ghala likiwa tupu, dini yoyote ikiliomba italipa pango lile lile wanalolipa watu wa harusi.

Anayetaka kujenga na ajenge, na siku ya kubeba mawe tutakuja kama majirani. Mwanachama alipwe kwanza fedha yake kamili, apewe na risiti, kisha aipeleke anakotaka yeye. Pendekezo la makato likiletwa kwenye mkutano mkuu, tunaomba wajumbe walirudishe kwa waliolileta.

Ndugu wa darasa la kisomo, wasomeeni wazee wasioona vizuri, hasa pale penye habari ya mbolea.