Rangi Haiponyi Kutu



Juma hili tumepata barua ya msomaji wetu mmoja wa Tanga. Amerithi motokaa ya marehemu baba yake, Volkswagen ya mwaka 1967, ile yenye mgongo wa kobe. Injini yaunguruma vema, ila bodi imeliwa na kutu. Asema kwamba akiinua zulia miguuni pa watoto, aiona barabara. Fundi wa kwanza amemwambia ataziba kwa bati na fila, apake rangi, na kazi itakwisha kwa siku nne. Fundi wa pili ataka kukata na kuchomelea, kwa majuma matatu, na malipo yake ni mara nne ya yule wa kwanza. Mama watoto naye ashauri ipakwe rangi iuzwe upesi. "Nifanyeje?" auliza ndugu yetu.

Mimi ni karani, wala si fundi. Lakini jambo hili nimelisoma na kuwauliza wanaolijua, nami naona lafaa lijibiwe mbele ya wote, kwa maana motokaa za namna hii zingali nyingi. Volkswagen hizi ziliendelea kuundwa hata mwaka 2003, huko Mexico, na jumla yake ilipita milioni 21. Wazee wetu wazikumbuka pia kwa sababu ya mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki, ambayo moja yao ilishinda mwaka 1962.

Kwanza tujue kutu ni nini. Chuma kikikutana na maji na hewa pamoja, hugeuka kuwa kitu kingine, chekundu, kisicho na nguvu. Kitu hicho hupanuka kuliko chuma kilichokizaa; ndiyo sababu rangi huvimba kabla tundu halijaonekana. Nao watu wa pwani wana shida zaidi, kwa kuwa chumvi ya bahari huyafanya maji yale yale yale chuma kwa haraka. Zaidi ya hayo, kutu ya bodi mara nyingi huanzia ndani, mahali maji na matope yalipotuama. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Ukiona tundu la ukubwa wa senti, yakini sehemu iliyooza ni kubwa kuliko hiyo.

Sasa tumtazame fundi wa kwanza. Fila ni kitu chema mahali pake: husawazisha kibonyeo kidogo juu ya bati zima. Lakini haishiki uzito, na juu ya kutu haikai. Kutu huendelea kula chini yake, na baada ya masika moja au mawili fila huinuka na kuanguka. Bati la kuezekea nyumba nalo ni jembamba mno kuliko bati la motokaa, ambalo unene wake ni yapata milimita moja au pungufu kidogo. Kulipigilia ribiti ni kuvika kiraka bila kushona.

Katika Volkswagen hii jambo lenyewe si uzuri tu. Betri yake yakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Asidi ikidondoka, sakafu ya pale huoza kwanza. Na kando ya sakafu, chini ya milango, kuna mifereji miwili ya chuma ipitishayo hewa ya moto kutoka injini mpaka mbele. Mifereji hiyo ndiyo nguzo za bodi nzima. Ikioza, milango huanza kukataa kufungika, na siku ya ajali hakuna kitakachowakinga waliomo. Kuipaka fila ni kupaka chokaa nguzo iliyoliwa na mchwa.

Fundi wa pili, kama ajua kazi yake, atafanya hivi. Kwanza atagonga kila mahali kwa nyundo ndogo na kuchokoa kwa bisibisi, apate kujua chuma kizima chaanzia wapi. Atapitisha na sumaku. Isiposhika, pale pana fila ya zamani. Kisha atakata yote yaliyooza mpaka afike kwenye chuma safi king'aacho, maana chuma chenye kutu hakishikani na kingine. Atakata kielelezo cha karatasi ngumu, na kwa kielelezo hicho akate bati jipya la unene ule ule. Tena vipande vya sakafu vilivyokwisha kukunjwa vyapatikana madukani mpaka leo, navyo humpunguzia fundi kazi.

Mifereji ya kando haikatwi yote miwili kwa pamoja. Hukatwa mmoja, ukamalizika, ndipo ukakatwa wa pili. Na kabla ya hapo fundi huchomelea vyuma vya kuushikilia mlango kwa muda, bodi isije ikapinda. Fundi asiyepima nafasi za milango kabla ya kukata, usimwachie motokaa yako.

Katika kuchomelea kwenyewe, moto ni rafiki na adui. Chuma huyeyuka kwenye joto la yapata digrii 1,500, nalo bati jembamba hupinda upesi. Mashine ya umeme ya vijiti, ile ya kutengenezea mageti, mara nyingi hulitoboa. Iliyo bora ni mashine ya waya mwembamba yenye gesi ya kukinga moto. Gesi ya oksijeni na asetilini nayo yafaa mkononi mwa fundi stadi. Asivute mstari mmoja mrefu, bali aweke nukta hapa, nyingine mbali, aache pale papoe, kisha arudi kujaza katikati. Hapo haraka haina baraka.

Tena kuna hatari ambazo mwenye motokaa apaswa kuzijua. Tanki la petroli la Volkswagen hii liko mbele, chini ya boneti. Litolewe kabisa na kupelekwa mbali. Tanki tupu si salama; mvuke wake hulipuka kuliko petroli yenyewe. Mrija wa petroli wapita ndani ya mgongo wa katikati ya sakafu, nao ushughulikiwe kabla cheche haijaruka. Betri itolewe, viti na mazulia yatoke, ndoo ya mchanga au kizimamoto kiwe karibu. Bati lenye zinki, kama lile la kuezekea, likichomwa hutoa moshi mweupe umtiao mtu homa na baridi usiku ule. Na watoto wasisimame kutazama, maana mwanga ule huunguza macho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye.

Kazi ikiisha, haijaisha. Maungio yazibwe kwa utomvu wa maungio, rangi ya kukinga kutu ipakwe juu na chini, na nta inyunyizwe ndani ya mifereji. Matundu madogo ya kutolea maji yaachwe wazi. Ndugu yetu na adai kuliona bati jipya kabla ya rangi kupakwa. Fundi mwaminifu hataona haya kulionyesha.

Sasa niseme na mama watoto, kwa heshima. Fedha ni ngumu, nami naelewa. Lakini atakayeinunua motokaa ile naye ana watoto, nao wataweka miguu pale pale. Kama mwataka kuuza, uzeni ilivyo, zulia limeinuliwa, kwa bei ya kitu kilichooza. Wapo wapenzi wa motokaa za zamani watakaoinunua vivyo hivyo, nanyi mtalala usingizi. Kuuza kutu chini ya rangi ni udanganyifu. Tena, mficha maradhi kifo humuumbua.

Na kama mwataka kuitunza kwa kumbukumbu ya mzee, si lazima fedha zote zitoke mwezi mmoja. Iwekeni mahali pakavu penye paa, asipande mtu, na mtoeni fundi wa pili aanze na sakafu upande wa betri. Upande mmoja mwaka huu, wa pili mwakani. Motokaa iliyosimama bandani kwa mwaka mzima haijamdhuru mtu yeyote.