Mtoro Kamwibia Nani?

Neno "mtoro" leo twalitumia kwa mtoto aliyekimbia chuo, na tukilitamka huwa twacheka. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, halikuwa neno la kuchekesha. Mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, naye akishikwa hutiwa minyororo na kupigwa kama mwizi. Basi na tuulize: kaiba nini? Kachukua nafsi yake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, akaenda zake. Na yule aliyemnunua Unyanyembe kwa doti za merikani ili akamuuze pwani kwa faida, huyo aliitwa tajiri, na msikitini akipishwa safu ya mbele.

Wapo wanaotuambia: "Msiwaseme wazee, zama zile ilikuwa halali." Halali kwa nani, na kwa kitabu gani? Mafakihi hawakuruhusu mtu huru akamatwe njiani akauzwe, na mwenye kula thamani ya mtu huru amekwisha onywa kwamba Mwenyezi Mungu ndiye atakayekuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Nani aliyechunguza kama kijana yule wa Manyema alitekwa katika vita vya haki au aliibwa kisimani? Halikuulizwa swali hilo, kwa kuwa jawabu lake lingeharibu biashara. (Wanyamwezi wengi waliobeba pembe walikuwa wapagazi wa ujira, watu huru, tusiwachanganye.)

Wala tusidhani kwamba Mzungu alikuja na mizani iliyo bora. Mwaka 1876 Seyyid Barghash, kwa kusukumwa na Waingereza, alipiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Kumsafirisha mtu kukawa kosa, kummiliki kukabaki si kosa. Wajerumani walipandisha bendera yao Tabora mwaka 1890, wakampiga Mtemi Isike hadi akafa mwaka 1893, na tangu 1898 wakatoza kodi ya nyumba. Asiyekuwa na rupia akawa mhalifu, akafanyizwa kazi kwa nguvu, na jirani yake mwenye watumwa akaachiwa watumwa wake. Utumwa haukufutwa Tanganyika kwa sheria mpaka 1922, na hapo Wajerumani walikuwa wamekwisha ondoka.

Kwetu Unguja amri ilitoka mwaka 1897, chini ya Seyyid Hamoud. Fidia ikatolewa, lakini akalipwa bwana. Aliyefanya kazi maisha yake yote hakupewa kitu. Masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Na aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe makao na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Jana kosa lake lilikuwa kukimbia kazi, na leo kosa lake ni kukosa kazi! Mtu ni yule yule, na hakuna aliyemdhuru. Neno hilo la mzururaji likaishi kuliko ukoloni wenyewe, kwani mwaka 1983, kwa jina la Nguvu Kazi, watu walikamatwa mitaani Dar es Salaam wakapelekwa mashamba.

Atasema msemaji: basi kila mtu ajichagulie sheria yake? Hatusemi hivyo. Mwizi wa ng'ombe wa Nzega amemdhuru mwenye ng'ombe, na zizi tupu ni ushahidi. Twataka tu kila anayeitwa mhalifu aulizwe hivyo hivyo: amemdhuru nani, na madhara yenyewe yako wapi? Na anayeitwa mheshimiwa naye aulizwe vivyo hivyo.

Tuanzie nyumbani. Binti wa kazi aliyeletwa kutoka bara, Tabora au kwingineko, akiondoka usiku bila ya kuaga, asubuhi twasema katoroka. Twahesabu vijiko, twafungua makabati, na mwengine huenda mpaka kituoni kupiga ripoti. Mshahara wake wa miezi mitatu nani aliyeuhesabu?