Barua kwa Mwalimu Mkuu

Mzazi wa Mpwapwa ambaye mwanawe haoni vema ubaoni, au husikia nusu tu ya maneno ya mwalimu, huenda akanasihiwa ampeleke Buigiri, shule ya wasioona kule Chamwino, ilhali mtoto mwenyewe si kipofu. Siidharau Buigiri, yenye fadhila kubwa. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kumthibitishia mtoto wa namna hii haki ya kusoma pamoja na wenziwe katika shule ya kawaida. Basi mzazi asiende kuomba kama aombaye sadaka: aandike barua, abaki na nakala, na jawabu lisipokuja afike kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Mengine ya kudai katika barua hiyo, wallahi, hayana hata gharama: dawati la mbele, maandishi makubwa, mwalimu asiyesema huku amelipa darasa mgongo. Gharama ipo kwenye walimu, na hapo ndipo lawama yangu ilipo, kwani wilaya yenye chuo cha ualimu tangu zama za Mwingereza haistahiki kungojea wahitimu wa Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu huko Arusha. Kila mwalimu atokaye Mpwapwa na ajue kumtambua mtoto huyu kabla hajamwita mzembe.