Kioo, Pazia na Heshima ya Mgonjwa



Fikiri mama mmoja ameketi juu ya benchi katika kituo cha afya kule Iga Barrière, karibu kilomita 25 kaskazini ya Bunia. Ni mahali pa njia panda. Watu wa Bunia, watu wa Mongbwalu na watu wa Mahagi wote hupita hapo. Mama huyu ana kidonda mahali pa siri. Mwuguzi anamwuliza kwa sauti kubwa mbele ya benchi zima, "Unaumwa nini?" Mama anatazama kando na kumwona shemeji yake. Anatazama mlangoni na kumwona jirani. Basi anajibu, "Kichwa tu." Anapewa dawa ya kichwa, naye anarudi nyumbani pamoja na kidonda chake.

Wengi watasema mama huyu amesema uongo. Mimi nasema nyumba ile ndiyo iliyomfunga kinywa.

Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo hili, maana watu hulihesabu kuwa dogo, na kumbe linaua watu.

Katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani kuna kioo cha namna ya ajabu. Kilianza kufanyizwa kutokana na kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, katika miaka ya 1980. Kati ya vioo viwili wanatia utando mwembamba wenye matone madogo sana, hata jicho haliwezi kuyaona. Pasipo umeme, vitu vilivyomo ndani ya matone hukaa ovyo, kila kimoja upande wake. Nuru ikipita hutawanyika, na kioo huwa cheupe kama ukungu wa asubuhi mlimani. Umeme ukipita, vyote hujipanga upande mmoja, nuru hupita, na kioo huwa wazi kabisa. Mtu anabonyeza kifungo tu. Mara mgonjwa anaonekana, mara amefichwa.

Kioo hiki kina sifa za kweli. Pazia la kitambaa hushikwa na mikono mingi kila siku, na vijidudu hukaa juu yake. Bali kioo hupanguswa kwa dawa, kikawa safi. Tena mwuguzi aweza kumwangalia mgonjwa mahututi bila kuingia chumbani. Na umeme ukikatika, kioo cha namna hii hakimfunui mgonjwa, bali humficha.

Lakini tusidanganyike. Bei yake ni kubwa, nacho kinataka umeme wakati wote kinapokuwa wazi. Taa ikiwaka nyuma yake, kivuli cha mtu aliye karibu nacho chaweza kuonekana. Tena kioo huzuia macho, lakini hakimfundishi mwuguzi kunyamaza. Siri nyingi za wagonjwa hazikutoka kwa njia ya macho. Zimetoka kwa njia ya kinywa.

Liko jambo lingine kubwa kuliko hayo. Ni nani anayebonyeza kifungo? Kama mwuguzi anafungua kioo wakati wowote anaotaka, na mgonjwa hakuulizwa, basi hicho ni dirisha la bei kubwa tu. Na hapa kioo na pazia ni ndugu. Ni mara ngapi tumelivuta pazia kwa nguvu, na mama yuko uchi nyuma yake, bila kusema hata "hodi"?

Pengine mtu ataniambia, "Huku kwetu tunauguza pamoja. Mgonjwa haachwi peke yake." Ni kweli, nayo ni desturi njema. Sisi wa Ituri tulijifunza hilo kwa machozi wakati wa Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukafika Ituri, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Mwanzoni watu wengi waliziogopa nyumba za kutibia. Waliona mtu akipelekwa nyuma ya turubai, wasimwone tena. Wakasema, "Huko wanaua watu." Mwaka 2018 shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha ndani, na jamaa waliweza kusimama nje, wakamwona ndugu yao na kusema naye. Ukuta wa kuonyesha ulisaidia kuondoa hofu.

Basi, je, ukuta uonyeshe au ufiche? Mimi naona jibu ni hili: yote mawili ni dawa, kila moja kwa saa yake, na mwenye kuchagua saa ni mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa wa Ebola alitamani kumwona mama yake. Lakini saa ya kuoshwa hakutamani kuonwa na watu wote wa njia. Ndugu akikaa kitandani pa mgonjwa ni upendo. Ndugu akisikiliza jambo ambalo mgonjwa hakutaka alisikie, huo si upendo tena.

Mwingine atasema, "Sisi ni maskini. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vya Djugu vimewatoa watu wengi katika vijiji vyao. Tunakosa vitanda, nawe unatuambia habari za mapazia?" Ndiyo, nakuambia. Aliyepoteza nyumba hajapoteza heshima yake, na pengine ndiyo mali ya mwisho aliyobaki nayo. Tena mfikirie mwanamke aliyetendewa jeuri njiani. Dawa za kuzuia virusi vya SIDA zafaa zianzwe mapema, wala saa 72 zisipite. Akijua kwamba atasimulia mambo yake mbele ya watu wa barazani, atakaa nyumbani siku nne, na dawa ya kinga itakuwa imechelewa. Hapo aibu imefanya kazi ya ugonjwa. Nchi yetu nayo ina sheria ya tarehe 14 Julai 2008 ya kuwalinda watu wenye virusi vya SIDA, na siri yao imo ndani yake.

Basi tufanye nini, sisi tusio na kioo kile?

1. Funga kamba imara kati ya vitanda, utundike kitambaa kizito kisichoonyesha ndani. Kishuke mpaka chini ya magoti.

2. Fua mapazia kwa sabuni kila juma, na kila mara yanapochafuka kwa damu au matapishi. Yakauke juani.

3. Piga hodi kabla ya kufungua pazia, hata kama mgonjwa ni mtoto au mzee sana.

4. Mwite mgonjwa pembeni kabla ya kumwuliza ugonjwa wake. Sema kwa sauti ya chini. Usitangaze jina la dawa yake dirishani.

5. Mwulize mgonjwa, akiwa peke yake, "Unataka nani akae nawe?" Umfuate.

6. Funua sehemu ile tu unayoipima, ukaifunike tena.

Mambo haya mengi hayahitaji hata franga moja. Yahitaji moyo tu.

Sisi Wakristo hatuwezi kusema kwamba hatukufundishwa. Wana wawili wa Nuhu walitembea kinyumenyume na nguo mabegani, wamfunike baba yao bila kumtazama. Bwana Yesu alipoletewa kiziwi, alimtenga na makutano kwanza, ndipo akamponya. Na nyumbani kwa Yairo aliwatoa watu nje, akabaki na wazazi na wanafunzi watatu tu. Angeweza kuponya mbele ya wote ili asifiwe. Lakini alimfikiri yule binti.

Kama siku moja kioo kile kitafika Bunia, tutamshukuru Mungu kwacho. Lakini kisipokuta hapa wauguzi wenye kupiga hodi, kitakuwa pambo tu.

Sasa jiulize, ewe msomaji. Kama wewe ni mwuguzi: mgonjwa wa mwisho uliyempima leo, ni watu wangapi walimwona, na ni wangapi walisikia maneno yake? Kama wewe ni jamaa ya mgonjwa: je, waweza kutoka nje kidogo bila kukasirika? Na kama wewe ni mgonjwa, usione haya kusema, "Tafadhali, funga pazia kwanza, kisha nitakuambia ukweli." Ni haki yako, na mwuguzi mwema atakushukuru.