Kongamano Halidungi Sindano

KIJEMBE CHA KUSINI
Na Mishi Juma

Jumanne hii, stejini Ukunda, makanga alimtoza mama mmoja nauli ya watu watano kwa abiria watatu. Mmoja wao, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amefungwa mikono kwa leso, na makanga akaamua kwamba viti viwili vya karibu naye havitapata mteja. Mama hakubishana. Alifungua fundo la leso aliyojifunga kiunoni, akahesabu noti za hamsini moja moja mbele ya abiria wote, na mjomba wa kijana akatazama nje dirishani kana kwamba Ukunda kuna jambo jipya la kutazamwa.

Kisha gari likaondoka, na utabibu ukaanza. Aliyekaa mbele alisema ni bangi. Mwenye kikapu cha samaki akasema la, huyo ana jini la baharini, mtazameni macho. Mwanafunzi mmoja mwenye simu akatangaza kuwa ni msongo wa mawazo, kila mtu sasa ana msongo wa mawazo. Kijana mwenyewe hakuulizwa. Alikuwa akiongea polepole na mtu ambaye sisi hatukumwona, na kwa haki ya Mungu mazungumzo yao yalikuwa na adabu kuliko yetu.

Mnanijua, siwezi kukaa karibu na habari nikanyamaza. Nikamuuliza mama, "Dada, mwampeleka wapi?" Akanijibu kwa neno moja: "Portreitz."

Watu wa Nairobi wakitaka kumtukana mtu humwambia apelekwe Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Sisi wa Pwani tuna Port Reitz yetu. Lakini mama huyu hakuwa akimtukana mtu. Alikuwa akivuka bahari na mwanawe kwa sababu huku kwetu hakupata wa kumwona.

Mambo aliyonieleza kabla hatujafika Tiwi ndiyo yaliyoniudhi hata leo naandika kwa hasira. Kijana huyo aliwahi kupona. Alikuwa akidungwa sindano moja kila mwezi, ile ya flufenazini inayoachia dawa mwilini kidogo kidogo, na kwa miaka miwili aliendesha tuktuk hapa hapa Diani, akalipa karo ya mdogo wake, akaanza hata kutafuta mchumba. Halafu sindano ikaisha katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Wakamwambia rudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Mwezi wa tatu akaanza kukesha, wa nne akaiacha tuktuk katikati ya barabara ikinguruma, akaenda zake ufuoni kuwahutubia watalii. Familia ikaenda kwa mganga, mganga akala mbuzi na jogoo mweusi. Sasa wanakwenda Mombasa.

Sindano hiyo si dawa ya anasa. Ni ya zamani na ni miongoni mwa zile za bei nafuu. Kinachohitajika ni chupa ya dawa kuwapo kabatini, na muuguzi anayejua kwamba akiikosa mgonjwa wake ataharibikiwa.

Maneno yangu leo basi ni kwa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili Kenya, na kwa yeyote anayeota kukiongoza. Sitawaita wavivu, kwa maana kazi yao nimeiona. Chama hicho, pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Bi. Charity Muturi, ndicho kilichokwenda mahakamani kupinga kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kile kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi akasema kifungu hicho kinakiuka katiba. Siku ile nilimpigia makofi kila daktari wa akili, hai na marehemu. Mwaka 2020 jopo la Dkt. Frank Njenga lilikuwa tayari limeitaka serikali itangaze afya ya akili kuwa janga la taifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa, kaunti zikapewa wajibu, zikatakiwa kuwa hata na baraza la afya ya akili. Mmewahi kukutana na mtu aliyekutana na mjumbe wa baraza hilo? Mimi naulizia tu.

Kwa hiyo karatasi tunazo. Nairobi imeshinda kesi, imeandika ripoti, imepitisha sheria. Sasa chama kiache kwa muda kushinda Nairobi.

Mkaguzi Mkuu wa Serikali mwaka 2017 alihesabu madaktari wa akili 92 nchi nzima, mahali ambapo walitakiwa 1,533. Wameongezeka tangu hapo, nasikia, na wengi wamebaki palipo na kliniki za kulipia. Tangu 2013 anayeajiri daktari ni kaunti. Hilo ndilo jambo ambalo viongozi wa chama chochote cha madaktari wangelilalia na kuliamkia: waajiri ni 47, na kila mmoja abishiwe hodi kivyake. Nani anakaa na kamati ya afya ya bunge la kaunti wakati bajeti inapikwa? Nani anamwambia gavana kwamba jengo jipya lenye utepe halitibu mtu, aajiri kwanza daktari mmoja wa akili na maafisa wa kliniki waliosomea fani hiyo? Kule London wanaowania urais wa chuo cha kifalme cha madaktari wa akili huandika ahadi zao, wanachama wakazisoma kabla ya kupiga kura. Nataka ya kwetu iwe na mstari mmoja tu: hakuna kaunti itakayokosa ile sindano miezi miwili mfululizo bila sisi kupiga kelele hadharani.

Na asiniambie mtu kwamba watu wa Kwale hawapendi hospitali, wanapenda waganga. Matatu yetu ilipita Kombani. Pale vijana waliozama kwenye unga hunywa methadoni, na methadoni hunywewa kila siku ya Mungu mbele ya muuguzi. Mateja, watu ambao nchi nzima imewakatia tamaa, wanajipanga foleni asubuhi. Huduma ikiwa karibu, watu huja. Mganga anawashinda madaktari kwa jambo moja: yeye anaishi hapa hapa kijijini, Mwabungo.

Jirani yangu, yule tunayemwita Bwana Dongo Kundu kwa sababu kwa miaka alituahidi kwamba barabara ya Dongo Kundu ikifunguliwa matatizo yote ya Pwani Kusini yataisha, hata ndoa yake, aliposikia kisa hiki aliniambia kwamba sasa Port Reitz ni karibu, ni kuvuka daraja tu. Nikamuuliza gari la kukodi kupitia huko ni bei gani kwa mtu aliyekwisha kulipa viti vitano na mbuzi. Akakumbuka ana maji jikoni.

Likoni tulishuka. Makanga, aliyelipwa viti viwili vya hewa, njiani alikuwa amevijaza abiria wawili kutoka Waa, na walikaa bega kwa bega na kijana safari yote iliyobaki bila dhara lolote. Nilimdai amrudishie mama pesa zake. Akaniita "shangazi mkorofi". Alirudisha nusu.

Msimu wa makongamano unakuja, na wataalamu wa nchi hii, kuanzia wahasibu hadi wapima ardhi, huwa hawawezi kufikiri vizuri mpaka wasikie mawimbi ya Diani. Madaktari wa akili nao karibuni. Mtakula pweza, mtavaa vitambulisho shingoni, mtachagua viongozi wenu. Ila Jumapili jioni mabasi ya kuwapeleka kwenye treni yatakapopanga foleni langoni, tutasimama hapo na swali dogo: nani kati yenu ataamkia hospitali ya Msambweni Jumatatu?