Saa 1 ipi?
Bandarini Mkoani, Pemba, ujumbe wa simu ndio unaomwita mtu aje kupokea mgeni au mzigo kutoka Unguja, na mara nyingi huandikwa hivi: "Nipokee kesho saa 1." Saa 1 ipi? Penye 07:00 kwenye tiketi, sisi twasoma saa 1 asubuhi. Lakini kijana aliyezoea saa ya simu akiandika "saa 7", mjomba wake atafika adhuhuri, mgeni keshachoka kukalia begi lake. Siku nazo zina mtego. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua likichwa, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa bibi ni Alhamisi baada ya magharibi. Kwa mjukuu ni siku inayofuata. Hitma ikialikwa hivyo, husomwa nusu ya waalikwa hawapo, kisha lawama. (Mimi niko upande wa bibi.) Maandishi ya vijana, "xaxa" na "cjui", yanakera tu, msomaji hubahatisha akapatia. Saa haibahatishwi. Basi ndugu yangu, andika "Alhamisi tarehe 12, saa 2 usiku", uisome tena, ndipo utume.