Mwacheni Paa wa Nagona Awe Paa

Nimechoka kuambiwa kwamba Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vya Ulaya vilivyovikwa kanzu. Hoja hii naisikia zaidi kwa washairi wenzangu, sisi tuliolelewa kwa vina na mizani, na chimbuko lake nalijua. Ni deni la zamani. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata arudhi, na wapo ambao hawajamsamehe hadi leo, ingawa alifariki Januari 2020. Wakiona kivuli cha Nietzsche katika ukurasa, hufunga kitabu. (Mimi hutunga kwa vina na sitaacha. Hilo halinizuii kusoma.)

Lakini hao si tatizo kubwa. Waliovidhuru vitabu hivi zaidi ni sisi walimu tuliovipenda. Chuo cha ualimu kilinifunza kuchora jedwali: kushoto neno, kulia maana yake. Paa ni ukweli. Mto ni uhai. Giza ni ujinga. Mwanafunzi akariri, mtihani upite. Basi mwindaji anahangaika kitabu kizima kumfuata paa asiyeshikika, na mwalimu keshamkamata kabla kengele haijalia! Kumetafutwa nini tena?

Naona hapa tumekosea jambo zito kuliko mbinu ya kufundishia. Tukishasema kila kiumbe katika riwaya ni ishara ya wazo la mwanadamu, tumetangaza kwamba ulimwenguni hakuna kingine ila mwanadamu na mawazo yake. Nami nasoma riwaya hizi mbili kuwa zinabishana na majivuno hayohayo. Katika Mzingile dunia imeteketea. Ikiwa mti ni ishara tu, basi na kuungua kwake ni ishara tu, na hapana sababu ya mtu kulia.

Wanaodai kwamba fikra hii ni ya kuazima waitazame sarufi yetu. Mtu anakimbia, paa anakimbia. Mgeni amefika, paa amefika. Kiswahili kimempa mnyama upatanisho uleule kilioupa mtu, pale ambapo Kiingereza humweka paa kwa kawaida katika kiwakilishi kimoja na kiti. Mtanijibu kwamba mti haupati heshima hiyo: mti unaota, mto unapita. Kweli. Ila hata roho haiipati. Husemwa roho imetoka, roho yaniuma. Na Mungu je? Kwa umbo la jina amepangwa na miti: mungu, miungu, kama mti, miti, wala hatusemi waungu. Kwa upatanisho ni kiumbe hai: Mungu anaona. Sisemi kwamba sarufi ni dini, wala kwamba wahenga walikaa kikao wakaamua hivyo. Nasema mwandishi aliyetaka kuandika juu ya roho, mnyama na Muumba bila kujenga ukuta kati yao hakuhitaji kupanda meli kwenda kutafuta lugha ya kazi hiyo.

Tena Kezilahabi hakuingia humo kwa bahati. Alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na tasnifu yake ya 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Tatizo la kufasiri! Nasi tukamjibu kwa jedwali.

Niliwahi kuisoma Nagona na wanafunzi wachache wa kidato cha sita, nje ya vitabu vya mtihani. Niliwaagiza wataje ishara kumi na maana zake. Kijana mmoja hakuchora jedwali. Aliandika swali moja: kama paa ni ukweli tu, kwa nini mwandishi amehangaika kumpa miguu?

Nilimwandikia kwa wino mwekundu, "Hujajibu swali." Nikampa mbili kati ya kumi.